Paka Mwenye Miiko

Sisi tuliozaliwa Mji wa Kale wa Mombasa hatukupata kufundishwa namna ya kumlisha paka, kwa kuwa paka wa pwani huzaliwa akaikuta riziki yake imekwisha kuandaliwa: chombo hutia nanga, samaki hupasuliwa, vichwa na matumbo hutupwa kando, na yeye huwa amekaa pale pale, mkia ameukunja miguuni, akingoja kwa utulivu wa mtu aliyeandikiwa mshahara. Kazi yetu ilikuwa kumwachia njia tu. Chuoni, mwalimu wetu alitusimulia habari za mwanamke aliyepata adhabu kwa ajili ya paka aliyemfungia ndani, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie mwenyewe, na habari za Abu Huraira, sahaba ambaye lakabu yake ilitokana na kipaka alichokuwa akifuatana nacho. Nasi tukakua na itikadi ya kwamba paka hadai wala hadaiwi, mradi mlango haukufungwa.

Nilipopelekwa Bonde la Ufa kusomesha, katika miaka ya sabini, nilimkuta paka wa namna nyingine. Nakuru ni mji uliozaliwa na reli, iliyofika hapo mwaka 1900, ukalelewa na ngano, mahindi na pareto. Na palipo na maghala ya nafaka hapakosi panya, na palipo na panya paka haombi kazi. Usiku alilinda magunia, asubuhi akapewa maziwa kidogo na kiporo cha ugali, na mtu akimuuliza mwenye ghala paka wake anakula nini, alijibiwa kwa mshangao kwamba anakula panya, ala, ulitaka ale nini tena? Mpango huo ulikuwa na insafu yake, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote wa zama zile akilalamika kwamba paka wake ni mteuzi.

Uteuzi ulikuja na kuta. Mji ulipopanuka, hata ukapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, watu wengi walihamia katika nyumba zenye ua wa mawe na lango la chuma, au katika ghorofa ambako panya hapandi. Paka naye akafungiwa ndani pamoja nao, na riziki yake ikawa haitoki tena baharini wala ghalani bali mfukoni: punje ngumu za rangi ya kahawia, zenye sura ya nyota au ya samaki, ziuzwazo katika supamaketi na katika yale maduka ya dawa za mifugo ambayo kwetu huitwa agroveti, ambako muuzaji huzipima kwa kilo kutoka gunia lililokwisha kufunguliwa. Sizitukani punje hizi. Hazinuki, hazivundi, bei yake inavumilika, na mwenye safari ya siku moja huweza kuzimimina bakulini akaenda zake na moyo mweupe.

Liwali aliletwa kwetu na binti yangu wa pili, afanyaye kazi Nairobi, akiwa kipaka cha kuenea kiganjani, mweusi mwenye kifua cheupe, pamoja na mfuko wake wa punje. Jina alipewa na mke wangu, ambaye ni mtu wa Lamu, na ambaye alisema kwamba kiumbe asiyegeuka aitwapo, apitaye mbele za watu bila ya salamu, na akaliaye kiti kilicho bora kuliko vyote barazani, hakuzaliwa ila kuwa liwali. Bakuli lake lilijazwa alfajiri likaachwa wazi kutwa, naye akidonoa apendapo. Kitu kingine hakukitaka. Tulimpa kuku akakataa. Tulimpa maini akakataa. Omena, wale dagaa wa ziwa kuu ambao harufu yao sokoni huwakusanya paka wa mtaa mzima, aliwanusa mara moja akaenda zake kujisafisha masharubu, kana kwamba amevunjiwa heshima. Alihasiwa akiwa kijana, akanenepa, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na jambo lililotushughulisha juu yake.

Kisha, usiku mmoja wa mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Nakuru hupenya hata kwenye mablanketi mawili, alianza kuingia na kutoka katika kisanduku chake cha mchanga. Alichutama, akakaza mgongo, akangoja, akatoka. Muda si muda akarejea. Mke wangu alidhani amefunga choo. Niliuangalia mchanga kwa tochi, nikauona mkavu wote ila tone moja lenye rangi ya waridi, na nilipokuwa bado nimeinama Liwali akatoa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake, ya chini na nzito, kisha akajilaza juu ya saruji baridi, yeye ambaye hakupata kulala pasipo mto.

Daktari wa mifugo aliyetupokea usiku ule alipata kuwa mwanafunzi wangu, na adabu yake haikupungua hata katika haraka ile. Alimbonyeza Liwali tumboni kwa vidole viwili, akanichukua mkono akaniwekea hapo hapo, nikahisi kitu kigumu chenye ukubwa wa chungwa. “Mwalimu,” akasema, “hiki ni kibofu. Njia imeziba. Mngengoja hadi kesho kutwa, mngeniletea maiti.” Alimpiga sindano ya usingizi, akapitisha mrija mwembamba, na mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu na ndani yake mna chembechembe zilizokwaruza ukingo wa bakuli la chuma alipolitikisa. Akanieleza kwamba paka dume ana njia ya mkojo iliyo nyembamba mno, hata ute na chenga kidogo hutosha kuifunga, na ikifungwa, zile sumu ambazo mkojo huzitoa mwilini hurejea damuni, zikaufikia moyo, nao ukasimama; jambo ambalo huweza kutimia kabla ya siku tatu kupita.

Nilimuuliza sababu, kama mtu yeyote angeuliza, naye hakujidai kuijua yote, kwani maradhi haya yana asili nyingi: unene, dhiki ya moyo, kukaa ndani bila ya harakati, na chakula. Lakini juu ya chakula alikuwa na neno la yakini. Asili ya paka wa nyumbani, alisema, ni paka-mwitu wa nchi kavu, ambaye hata leo yumo katika nyika za Bonde la Ufa, na mnyama huyo maji yake mengi huyapata katika nyama ya windo, kwa sababu mwili wa panya, kiasi cha thuluthi mbili au zaidi, ni maji matupu. Kwa hiyo kiu yake ni hafifu. Mpe punje, ambazo maji yake ni sehemu moja tu katika kumi, naye ataongeza kunywa, ila aghalabu hataongeza kwa kadiri ya kufidia alichokikosa. Mkojo wake utakuwa mchache na mzito, na katika mkojo mzito chenga hupata makao. Mpe chakula cha mkebe, ambacho robo tatu yake na zaidi ni maji, naye atakuwa amekunywa bila ya kujua. “Paka, Mwalimu, hanywi maji. Anayala.”

Maneno hayo yalinigusa kwa namna ya peke yake, kwani mtu aliyekaa Nakuru hawezi kusikia habari za maji akazipuuza. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji ya visima vyetu virefu hubeba madini ya floraidi kwa wingi upitao mno kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana katika darasa nililosomesha nilikuwa nikiwatambua watoto waliokulia hapa kwa meno yao, yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki uliyaondoa, wakicheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya miaka mingi ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo yastahili sifa kuliko ipatavyo. Nyumbani kwetu twanywa maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye tangi, na Liwali naye maji ya bomba hakuyataka kamwe, akipanda juu ya kifuniko cha tangi kulamba matone. Daktari alinikataza nisiisingizie floraidi jambo hili, akisema kwamba paka wa London na wa Nairobi huzibwa vile vile. Nami namwamini, ingawa tangu siku ile nimemheshimu zaidi Liwali kwa ule ujuzi wake wa maji.

Basi amri ilikuwa fupi: mkebe uingie, punje zipungue. Binti yangu akaleta mikebe ya kila jinsi kutoka Nairobi, ya kuku, ya samaki na ya sungura, mingine ikiwa na vipande katika mchuzi, na mingine nyama iliyosagwa laini mpaka ikashikamana. Tuliweka sahani mbele ya Liwali, aliyekuwa ametoka kwa daktari siku chache nyuma na mguu wake umenyolewa pale palipoingia sindano. Alisogea shingo mbele, miguu ya nyuma ameiacha mahali pake, tayari kurudi. Akanusa ukingoni, hakunusa katikati. Kisha akanyanyua mkono wa kulia akaanza kuikwangua saruji kando ya sahani, akahamia upande wa pili akakwangua tena, kwa bidii ile ile aliyoizoea kuitumia kisandukuni afukiapo haja yake. Alipokwisha kuizika sahani kwa namna hiyo, alikwenda kukaa mahali palipozoea kuwekwa bakuli la punje, akanitazama.

Jirani yetu, ajuza wa Kikuyu ambaye mtaa mzima humwita Shosho, na ambaye amefuga ng'ombe, kondoo na kuku tangu kabla ya uhuru, alitazama mchezo huo akiwa mlangoni, akatoa hukumu. “Mwalimu, hiyo ni tumbo inajaa. Mwache alale njaa siku mbili, hata huo mkebe wenyewe atautafuna.” Nami rai hiyo niliijua vema, kwa kuwa ndiyo methali niliyokuwa nikiisomesha miaka nenda miaka rudi, kwamba mwenye njaa hana miiko, nikawapa wanafunzi insha juu yake, na kuzisahihisha insha zote zikikubaliana nayo, wala hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kuipinga.

Paka huipinga. Daktari, nilipompigia simu kumpasha rai ya Shosho, alinikatiza kabla sijamaliza sentensi. Paka, hususan aliyenenepa, akikaa siku mbili tatu bila ya kula, mwili wake huyayeyusha mafuta yake wenyewe na kuyasukuma kwenye ini kwa wingi ambao ini haliwezi kuuhimili. Ini likajaa, ufizi na weupe wa macho ukageuka manjano, na hamu ya chakula ikatoweka kabisa, hata ukimrudishia punje alizokuwa akizililia asizitake tena. Ng'ombe wa Shosho wangeshindwa kwa njaa, na mbwa wake pia. Paka akishindana na mwenyewe kwa njaa, wote wawili hushindwa. Akaniwekea mpaka: ikipita siku nzima hajatia kitu kinywani, mpe punje, na umpigie daktari.

Nilipokuwa nikiyatafakari hayo, nilikumbuka mwaka 1984. Mvua ya masika ilikosekana katika sehemu kubwa za nchi, mahindi yakaadimika, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Nilikuwa nikisomesha shule ya bweni upande wa Njoro, katikati ya nchi ambayo kwa kawaida huwalisha wengine, na siku ya kwanza ulipoandaliwa ugali wa rangi ile, wavulana mia kadhaa, wenye njaa ya kweli, waliusukuma kando sahani baada ya sahani. Walisema ni chakula cha mifugo. Walisema una harufu. Sisi walimu tuliwahutubia juu ya shukrani, na hotuba zetu zilikuwa nzuri, ila hazikuliwa. Aliyeyamaliza maneno alikuwa mpishi, mtu mzima asiyependa kelele, aliyekuwa amebakiza magunia machache ya mahindi meupe: akachanganya manjano kidogo katika nyeupe nyingi, kila juma akizidisha kidogo, hata siku moja sahani zikawa za manjano tupu na hapana aliyesema neno. Wavulana wale hawakuwa na takaburi. Kila kinywa kimefundishwa mapema kwamba hiki ni chakula na kile si chakula, na mafundisho hayo yakishaingia hayaondoki kwa amri wala kwa njaa.

Kwa paka mafundisho hayo hufanyika katika miezi ya mwanzo ya uhai wake, na mwalimu wake ni mama yake na bakuli analopewa. Kipaka aliyelelewa kwa punje peke yake hujua kwamba chakula ni kitu kikavu, kinachovunjika kwa mlio, chenye umbo moja siku zote; umletee kitu chororo, chenye unyevu, cha baridi, naye hatakitambua kuwa ni chakula, kama vile mimi na wewe tusivyoitambua sabuni kuwa ni chakula hata inukie namna gani. Utamu wa sukari haumshawishi, kwani imethibitika tangu mwaka 2005 kwamba ulimi wake hauna uwezo wa kuuonja. Pua ndiyo kadhi wake. Wala si yeye peke yake katika wilaya zetu mwenye miiko ya namna hii. Heroe, wale ndege wa waridi waliolitangaza Ziwa Nakuru duniani, maakuli yao hasa ni mwani mdogo wa maji ya magadi. Maji ya ziwa yalipoanza kupanda kuanzia mwaka 2010 hivi, magadi yakazimuliwa na mwani ukapungua, nao hawakukaa kujaribu chakula kingine. Waliruka wakaenda Bogoria.

Liwali hakuwa na Bogoria ya kwendea, na kwa hiyo subira ilikuwa juu yetu. Jambo la kwanza alilotuagiza daktari halikuhusu mkebe hata kidogo: tuliondoa ada ya bakuli lililo wazi kutwa. Punje zilibaki zile zile, ila zikaja kwa nyakati, asubuhi, alasiri na kabla ya kulala, na baada ya nusu saa bakuli likaondolewa, liwe limekwisha au halikwisha. Mke wangu aliona ni ukatili; Liwali aliona ni uasi, akapiga kelele jikoni kwa siku kadhaa; lakini paka ajaye mezani akiwa na njaa ya saa chache, njaa isiyo na hatari, ana pua iliyofunguka kuliko paka aliyekuwa akidonoa tangu alfajiri. Hatukuongeza kitu kingine chochote mpaka alipozoea saa zake, akawa yeye ndiye anayetukumbusha.

Kisha ukaja mkebe, kwa kiasi cha punje ya haragwe, katika sahani ya peke yake kando ya bakuli. Kando, nasisitiza, si ndani. Wengi huchanganya tangu siku ya kwanza, na paka mteuzi akihisi kwamba chakula anachokiamini kimetiwa kitu asichokiamini, hukikataa hicho pia, ukawa umepoteza vyote viwili. Tulimwachia akinuse, akikwangulie saruji, akizike atakavyo. Haja yetu ilikuwa harufu ile ikae karibu na shibe yake. Tena tulikitia moto. Jikoni kwetu mwezi wa Julai mafuta ya nazi huganda chupani, na nyama iliyotoka katika jokofu ina harufu hafifu kwa pua ya paka, achilia mbali kwamba windo la kweli huliwa likiwa na joto la mwili. Basi tulitumbukiza kikombe chenye chakula katika bakuli la maji ya moto, tukakoroga, tukajaribu kwa kidole mpaka tusihisi baridi wala moto.

Na hapo ndipo kinu cha iliki cha mke wangu kilipoingia katika hadithi hii. Daktari alisema tusage punje ziwe unga, tuunyunyize juu ya kile chororo, ili pua ikutane kwanza na rafiki. Kinu kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja tu, na ingawa nilikiosha kwa ndimu na kwa majivu, chai ya nyumba yetu ilibaki na ladha ya kuku kwa muda ambao sipendi kuutaja. Nilinunua kinu kingine, na cha zamani akarithi Liwali. Unga ule ndio uliomshinda. Siku moja alasiri alinusa, akaganda, akatoa ncha ya ulimi akalamba unga wa juu, na katika kulamba huko ukachukua na unyevu uliokuwa chini yake. Akarudi nyuma. Akajilamba pua. Akarejea akalamba tena. Mke wangu, aliyekuwa akipeta mchele, aliuweka ungo chini taratibu, asije akamshtua.

Ni hivyo tulivyokwenda, Agosti ikaisha na Septemba ikaisha, mkebe ukizidi kwa kijiko cha chai na punje zikipungua kwa kiasi hicho hicho, na njia haikunyooka. Vipande vilivyokuwa katika mchuzi alivikataa moja kwa moja, akanywa mchuzi akaacha nyama. Ile iliyosagwa laini ndiyo aliyoikubali, na ya kuku tu. Kuna juma ambalo duka liliishiwa na aina yake, nikaleta nyingine yenye picha ya samaki, akaikwangulia saruji kama siku ya kwanza, na ikatubidi turudi kwenye punje tuanze tena karibu na mwanzo. Kila Jumamosi Shosho alikuja na ile mizani yake ya kuning'iniza, apimiayo viazi, tukamtia Liwali katika kiondo, kichwa kimechomoza, masikio yamelala nyuma kwa ghadhabu, na Shosho akasoma sindano. Kupungua kidogo kidogo daktari alikutaka, kwa kuwa mnene ni mgonjwa mtarajiwa. Kupungua kwa ghafla ndiko alikotuhadharisha nako.

Ni katika Jumamosi hizo ambapo Shosho aliniuliza swali ambalo halikuwa la dhihaka: kwa nini nitoe fedha kwa mkebe uliosafiri baharini, ilhali bucha ya kona ina mapafu na matumbo ya bei nafuu, yenye maji yake? Mkebe mkubwa wa gramu 400, kwa kweli, bei yake hushindana na ya nusu kilo ya nyama. Jibu ni kwamba paka ana haja ya vitu ambavyo nyama iliyochemshwa peke yake haimpi. Kimojawapo huitwa taurini, nacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kadiri ya haja yake. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka aliyekikosa hupofuka, na mwaka 1987 ikadhihirika kwamba moyo wake pia hupanuka ukalegea, na kwamba ukimrudishia taurini moyo huweza kupona. Nyama isiyo na mfupa humnyima chokaa, na samaki wabichi wa kila siku humharibia moja ya vitamini. Bucha yaweza kumlisha paka, nayo imelisha wengi, ila kwa kipimo cha mtu anayejua. Kwa sababu hiyo, anunuaye mkebe naasome maandishi yake, kwani mingine imeandikwa wazi kuwa ni chakula kamili na mingine ni kitoweo cha nyongeza tu, na ya namna ya pili haifai kuwa mlo wa kila siku. Wala mkebe wa samaki wa binadamu si badala yake: una chumvi, una mafuta, na ule wenye mchuzi wa vitunguu ni sumu kwa damu ya paka.

Na punje, je, zilitoka wapi? Katika Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilibana matumizi ya bati kwa ajili ya jeshi, na watengenezaji wa chakula cha wanyama, ambao biashara yao ilikuwa imesimama juu ya mikebe, wakageukia chakula kikavu; katika miaka ya hamsini zikaja mashine za kusukuma unga uliopikwa katika tundu kwa nguvu na joto, ukatoka umefura, na umbo hilo likaenea ulimwenguni. Mashine hiyo haifanyi kazi vizuri pasipo wanga. Hakuna mahali popote katika historia hiyo ambapo paka aliulizwa.

Sikuziondoa zote. Uwezo wa mwalimu mstaafu una mipaka, na daktari, aliye mtu wa busara, aliridhia kwamba Liwali ale mkebe asubuhi na jioni, umeongezwa kijiko cha maji ya uvuguvugu na kukorogwa, na usiku apewe punje kidogo kwa ajili ya meno yake kupata mlio walioukosa. Mabonge ya mchanga ninayoyatoa kisandukuni kila asubuhi sasa ni makubwa na mengi kuliko zamani, kazi ambayo naifanya bila ya kunung'unika. Kifuniko cha tangi amekiacha, na bakuli lake la maji hukaa siku nzima bila kupungua sana.

Ewe msomaji mwenye paka dume, yaache mengine yote niliyoyaeleza ukipenda, ila hili lichukue: ukimwona anaingia kisandukuni na kutoka, anachutama na kukaza mgongo, na mchanga umebaki mkavu, usingoje kuche. Mpeleke kwa daktari usiku huo huo.